Kamera Mpya ya Fundi Kidevu

Mkunga alirudisha picha zake studioni kwetu kwenye bahasha ileile tuliyompa. Akaibwaga mezani. "Nilikuja kupigwa picha ya kustaafu," akasema, "sasa mbona naonekana kama nimepigwa nikiwa ndani ya maji?"

Mume wangu akazichukua, akazisogeza dirishani, akacheka. Wateja humwita Fundi Kidevu, maana hawezi kumpiga mtu picha bila kumwambia "inua kidevu" mara chungu nzima. "Kamera imezeeka, mama," akamwambia. "Imestaafu kabla yako. Rudi wiki ijayo, nitakupiga upya."

Mkunga akacheka pia. Mimi sikucheka. Mimi ndiye ninayewapaka wateja poda na kuwanyoosha kola, na nakuwa pale pembeni kila anapobonyeza. Nilikuwa nimeshauona mkono wake wa kulia. Unatetemeka. Kamera haina kosa lolote, maskini ya Mungu.

Mtu anaweza kusema nakuza mambo. Haya, kaka yake mkubwa, shemeji yangu, alianza hivihivi. Kikombe kilianza kugonga sahani, kisha vifungo vya shati vikamshinda, na yeye kila siku ni uchovu tu, ni uchovu tu. Alipokubali kwenda hospitali, daktari alisikitika, akasema angewahi wangemsaidia zaidi. Leo analishwa. Mume wangu ndiye humlisha kila Jumapili, anamfuta mdomo, na akirudi nyumbani hataki kusemeshwa. Sasa mtu kama huyo utamwanzaje?

Nilijaribu, jamani. Nilimwambia aifunge kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, akanitazama kana kwamba nimemtukania mama yake. "Miguu mitatu ni ya picha za vitambulisho," akasema. Yeye hupiga kwa mwanga wa dirisha tu, kamera mkononi, anamzunguka mteja akimtania mpaka uso ufunguke. Amefanya hivyo tangu kabla hajanioa. Nikamwambia basi twende ukapimwe. Wee! Usiku huo tulilala mzungu wa nne.

Ndipo nikajifanya mjanja. Yeye alikuwa hatoki dukani kwa muuza kamera, kila akirudi ni kusifia kamera mpya. "Sawa," nikamwambia. "Tuiazime, tuijaribu. Picha zikitoka safi, tununue, na mimi sitakutajia daktari tena. Zikitoka na ukungu, kesho yake tunaenda hospitali, na hutanibishia."

"Umeahidi?"

"Nimeahidi."

Nilijua nimempata. Mkono ni uleule, basi na ukungu utakuwa uleule. Nani asingefikiri hivyo?

Muuza kamera aliileta mwenyewe, mtu mzima mchangamfu, na mimi nikawekwa kwenye kigoda karibu na dirisha. "Inua kidevu, mke wangu," mume wangu akasema. "Mbona umekaa kama umemeza rula?" Nilikuwa nautazama mkono wake, na siku hiyo ulitetemeka kuliko siku zote. Moyoni nikawa naomba, Mungu nisamehe, ukungu. Nipe ukungu tu. Akabonyeza.

Akatazama kioo cha kamera, akapiga ukelele. "Si nilisema! Si nilisema mimi!"

Muuza kamera akachungulia, akatabasamu. "Hii ndani ina kifaa cha kutuliza," akasema. "Mkono ukicheza, yenyewe inarekebisha. Wazee wanazipenda sana kwa hilo."

Nilisimama mpaka kigoda kikaanguka. "Umesikia?" nikamwambia mume wangu. "Umesikia alichosema? Ni kamera iliyotulia, si wewe! Mkono wako uko vilevile!"

"Nimesikia. Si ndiyo sababu ya kuinunua?"

"Hatukukubaliana hivyo."

"Tulikubaliana hivyohivyo. Picha safi, hakuna daktari. Maneno yako hayo, mimi niliitikia tu."

Muuza kamera akaanza kukagua mkanda wa begi lake kana kwamba una kasoro kubwa. Mwanamke mzima, nimechimba shimo kwa mikono yangu mwenyewe na kutumbukia. Nikamtazama mume wangu usoni, nikitafuta ule mzaha wake niushikilie hapohapo, lakini hakuwa anacheka. Ndipo nikajua kwamba anajua. Anajua siku nyingi, na anaogopa kuliko mimi.

"Tafadhali," nikasema. "Mara moja tu. Kwa ajili yangu."

"Njoo kwanza uone ulivyopendeza," akaniambia, kwa upole kabisa, akanigeuzia kamera.

Sikuona kitu. Picha ilikuwa ikirukaruka mbele ya macho yangu, inakwenda na mkono wake. Ikabidi nimshike kiganja kwa mikono yangu miwili, nimkaze, ndipo nikajiona: kila ukope, kila chembe ya poda, tuli.

"Umeona?" akauliza.

"Nimeona," nikasema, na sikumwachia mkono.