Dawati la Dirishani

…na taa inawaka na kuzimika mbele ya uso wa mwanangu, nyaya zimebandikwa kichwani kama amesukwa na mtu asiyejua kusuka, na daktari ananiuliza, "Darasani anakaa wapi, mwalimu?" swali dogo, la darasa la kwanza, lakini mpimaji anasema, "Haya mrembo, fumba macho," naye anafumba na kope zinaanza, zilezile, zinatetemeka mbio, mboni zinapanda juu, na kwenye kompyuta mistari inasimama kama meno ya msumeno, "Kope na ubongo kwa pamoja," daktari anasema, "ni kifafa, cha nadra, mwanga ndio unaokiamsha," kifafa… na mimi nilikiita kiburi, miaka miwili nilikiita kiburi, "Unanipepesea macho mimi?" mbele ya wenzake arobaini, kwa kuwa yumo darasani mwangu na sikutaka waseme namdekeza, hata kuniita mama shuleni nilimkataza, na wenzake wakamwita Indiketa, "Indiketa, leo unakata kona gani?" na mimi, Mungu anisamehe, niligeukia ubao nikacheka… jioni moja akaniambia, "Mama, somo linakatika, vipande vingine sivipati," nikamtupia methali, asiyesikia la mkuu, nikaendelea kusahihisha madaftari… taa inaongeza kasi, mkono wake umo mkononi mwangu, vidole vinalegea, vinarudi, "Nimekosea, mwalimu?" ananiuliza, mwalimu, hata hapa, hata kitandani, "Hujakosea, mama, hujakosea kitu," nasema, na daktari bado anangoja, kalamu juu ya karatasi, labda anatarajia kusikia mstari wa nyuma, mahali pa kujificha, lakini madawati yangu nayajua yote, najua jua la asubuhi linapopita kwenye matawi ya mti wa nje, upepo ukiyatikisa linawaka na kuzimika, linawaka na kuzimika, juu ya dawati moja tu, ninalowapa wanaosinzia, na kila aliponikodolea macho matupu nilisema hamia pale, mwanga utakuamsha, naye akabeba mkoba wake akahamia, hakubisha hata siku moja, na kila siku akazidi kupepesa, na kila alipozidi nikasema bakia hapohapo… "Mwalimu?" daktari anauliza tena, taa inawaka, inazimika, "Dirishani," nasema, "nilimweka mimi."