Dakika Tano za Kuomba Dakika

Kazi yangu ni kuchapa maneno ya watu. Duka ni la shangazi yangu, linatazamana na geti la chuo cha ufundi, na ndani yake mna kompyuta mbili, mashine ya fotokopi inayokwama kila ikipata joto, na benchi la wateja. Watu huja na karatasi zao: barua za kuomba kazi, barua za kuhama nyumba, malalamiko dhidi ya majirani. Mimi nachapa kwa vidole vitatu vya mkono wa kulia, maana wa kushoto una mambo yake. Shangazi ana sheria moja tu: chapa kama ilivyo. Mtu akileta upuuzi, mchapie upuuzi wake. Ukishaanza kumtengenezea mtu maneno, anasema, kesho atarudi kukuuliza nani alikutuma.

Nilizaliwa na mtindio wa ubongo. Kichwani maneno yangu yamejipanga vizuri, tena mengine makali, lakini mdomo unayatoa moja moja, kwa kuvutana, huku shingo ikiyasindikiza. Sentensi unayoimaliza wewe kwa pumzi moja, mimi inanichukua nusu dakika. Hilo si tatizo. Tumeishi pamoja miaka ishirini na miwili, tumezoeana. Tatizo ni watu wanaonimalizia.

Nikianza "Naomba ma...", mtu ananiletea maji. Nilitaka makasi. Nikimwambia mama "Leo sita...", anadakia, "Hutakula? Unaumwa?" Nilitaka kumwambia sitachelewa kurudi. Na wakishanimalizia wanatabasamu, wameridhika, wamenisaidia. Nimekunywa maji mengi sana katika maisha haya bila kuwa na kiu.

Chuoni nasomea uhazili. Mtihani wa kuandika nilifaulu mara ya kwanza. Uliobaki ni wa mazungumzo: dakika kumi mbele ya watahini wawili, unampokea mgeni, unajibu simu, unatoa taarifa. Nimeufanya mara mbili, na mara zote mbili karatasi imerudi na neno moja: Hakumaliza. Hawakuandika kwamba sijui. Ukianguka mara ya tatu, chuo kinakuaga.

Aliyekuwa kwenye shimo hilo hilo ni Gundi. Gundi ni fundi viatu, anakaa barazani kwetu na sindano zake, na chuoni yuko idara ya ngozi, ambako nako mtihani wa mazungumzo ni lazima. Ana kigugumizi. Jina alijipa mwenyewe: gundi ndiyo kazi yake, na gundi, anasema, ndiyo inayoshika maneno yake kooni. Aliona bora acheke yeye kwanza. Naye alishaanguka mara mbili, naye Hakumaliza.

Kisha akaja mwezeshaji na mradi wa kuwafundisha vijana wenye ulemavu uongozi na kujitetea. Jumamosi sita, vijana saba, fulana za njano zenye neno JITETEE kifuani. Wenzangu wakanichagua kuwa mwenyekiti, na sitasema uongo, nilivimba kichwa. Mwezeshaji alikuwa mtu mzuri, lakini hata yeye ugonjwa ulikuwa ule ule. "Kiongozi ni mtu anayefanya nini?" akaniuliza siku ya kwanza mbele ya wote. Nikafungua mdomo. "Anayesikiliza," akajijibu mwenyewe, akaniambia nimesema vizuri.

Tulikubaliana kuomba kitu kimoja tu. Wanafunzi ambao kuongea kunawachukua muda waongezewe dakika ishirini kwenye mtihani wa mazungumzo. Maswali yale yale, watahini wale wale. Tukaandika barua, chuo kikajibu kwamba kamati itatusikiliza: mwakilishi mmoja, dakika tano.

Jumamosi ya mwisho tulikaa kuamua nani aende. Gundi akainua mkono.

"Mimi na... na... naona mwenyekiti a... a..."

Tukangoja. Nilikuwa na ajenda tisa, na mlinzi alitaka chumba saa kumi. Gundi alikuwa bado anapigana na hiyo "a". Nikamdakia. Ndiyo, mimi, na ulimi wangu huu, nikampita njiani.

"Aongee kwa niaba yetu," nikasema. "Asante. Ajenda inayofuata."

Wakapiga makofi. Gundi akanitazama, akashusha mkono, akaanza kubandua gundi iliyokauka kwenye vidole. Niliona. Siwezi kusema sikuona. Nilijiambia nimemsaidia.

Siku ya kikao nilikwenda na mama, kwa sababu barua ilisema mwakilishi aje na mzazi au mlezi. Nina miaka ishirini na miwili, lakini haya. Meza ilikuwa ndefu, na kila mjumbe alikuwa na chupa ya maji. Wenzangu waliruhusiwa kukaa benchi la nyuma na fulana zao za njano, wakiwa wametakiwa kutulia. Mkuu wa chuo akaweka simu yake mezani, kioo kikinielekea mimi, dakika zikihesabiwa kurudi nyuma.

"Karibu, binti. Dakika tano, utumie vizuri."

Nilikuwa nimeikata hotuba yangu mpaka zikabaki sentensi nne. Nilijipima nyumbani: dakika nne na sekunde arobaini, nikitulia. Na nilitulia. Ya kwanza ilitoka. Ya pili ikatoka, shingo ikanivuta mara mbili lakini ikatoka. Nikaingia ya tatu, ile yenyewe. "Tunaomba, kwenye mtihani wa mazungumzo, wanafunzi..."

Mkuu akainua mkono. Uso wake ulikuwa umejaa huruma.

"Binti, usijitese. Tumekuelewa." Akamgeukia mama. "Mama, anaomba asamehewe huu mtihani, sivyo?"

Mama amekuwa akiitazama shingo hii ikipinda tangu nizaliwe. Angetoa chochote isipinde tena.

"Ndiyo, baba," akasema. "Anateseka sana kuongea. Mkimsamehe mtakuwa mmetusaidia."

"Sijamaliza," nikasema. Lakini neno hilo lina silabi tano, na nilipofika ya tatu walikuwa wanapiga makofi. Mjumbe mmoja alikuwa anafuta machozi. Nikatazama simu. Ilikuwa bado na dakika moja na sekunde hamsini na mbili. Mkuu akaizima, akaitia mfukoni.

Basi nikasamehewe. Cheti changu kitaandikwa chini kwamba sikufanya mtihani wa mazungumzo. Niambie ni ofisi gani itakayompa kazi ya mapokezi mtu ambaye cheti chenyewe kimemtangaza kuwa haongei. Na nilisamehewe peke yangu. Habari za Gundi hazikutajwa, kwa sababu zilikuwa kwenye nusu ya sentensi yangu iliyobaki. Mtihani wake ulikuwa Jumatatu ya wiki iliyofuata.

Nje mama akanikumbatia. "Mwanangu, umeshinda."

"Mama, nilitaka muda."

"Muda wa nini tena, na wameshakuondolea mtihani wenyewe?"

"Nilitaka kuufanya."

Akanitazama kama niliyemrudishia zawadi mkononi. "Mimi sikuelewi," akasema. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa na hasira kwamba siwezi hata kumkasirikia sawasawa, maana kumkasirikia vizuri kungehitaji robo saa. Gundi akatupita. Fulana yake ya njano alikuwa ameivua, ameikunja kwapani.

Siku mbili baadaye karani wa chuo akaingia dukani. Printa yao ni mbovu tangu mwaka juzi, kwa hiyo mihtasari yote ya vikao huja kwangu.

"Nichapie hii, Mkuu aisaini leo, iende idara ya mitihani," akasema. "Narudi saa sita."

Nikaisoma. Ajenda ya sita ilikuwa na mistari mitatu kwa mwandiko wake wa kulala: Mwakilishi wa vijana wenye ulemavu aliomba kusamehewe mtihani wa mazungumzo. Kikao kiliridhia. Mwakilishi alishukuru.

Alishukuru. Nikarudia neno hilo mara nne, na kila mara damu ikazidi kunichemka. Nimechapa mihtasari ya chuo kile miaka miwili, najua kazi yake. Kilichomo kimetokea. Kisichokuwemo hakikutokea, hata kama uliona kwa macho yako.

Sasa nikuambie ukweli. Lugha ya karani yule naijua kuliko yeye. Nikakaa, nikachapa: Mwakilishi aliomba wanafunzi wenye shida ya kuongea waongezewe dakika ishirini. Kikao kiliridhia. Mkuu husaini bila kusoma, kila mtu anajua. Maneno yalikaa pale kwenye kioo cha kompyuta, mazuri, safi, kana kwamba hayakuwahi kupita kinywani mwa mtu. Ningebonyeza tu.

Nikatazama nje. Gundi alikuwa na kiatu cha mtoto gotini, anakipaka gundi ukingoni, kichwa kimeinama. Tangu siku ya kikao alikuwa ananisalimia kwa mkono tu. Nikamkumbuka na ile "a" yake, nami nikiwa na haraka zangu na ajenda zangu tisa. Kisha nikatazama nilichochapa. Nilikuwa nimeimalizia kamati nzima sentensi yake.

Nikafuta. Sikufuta kwa sababu mimi ni mtu mwema, siku ile sikuwa na wema wowote. Nilifuta kwa sababu nilijiona. Lakini lile la karani nalo vidole vilikataa. Kwa hiyo ajenda ya tano niliichapa kama ilivyo, ya saba kama ilivyo, na pale pa sita nikaacha nafasi nyeupe.

Saa sita karani akarudi, akapitisha kidole kwenye karatasi.

"Hapa pa sita pamerukwa."

"Hapajarukwa," nikasema. "Nimepaacha."

"Kwa nini? Mchapaji si anachapa alicholetewa?"

Shangazi alikuwa anavuta karatasi iliyokwama kwenye fotokopi. Hakugeuka. "Hiyo sheria ni yangu, usinifundishe mimi. Msikilize kwanza."

"Uliyoandika sikuyasema," nikamwambia karani. "Toa kalamu."

"Lakini dada, kikao kimeshaisha. Kisichosemwa kikaoni siwezi..."

"Nilipewa dakika tano. Mkuu alizima simu ikiwa imebaki dakika moja na sekunde hamsini na mbili. Ni zangu. Nazitumia sasa."

Kusema hayo tu kulinimaliza nguvu, na nadhani zile sekunde ziliishia hapo hapo. Lakini alikaa kwenye benchi, akatoa kalamu.

"Tunaomba," nikaanza, "kwenye mtihani wa..."

"Wa mazungumzo, ndiyo, upewe barua ya kuthibitisha msamaha. Hilo ni rahisi."

Nikavuta pumzi. "Tunaomba," nikaanza tena, "kwenye mtihani wa mazungumzo, wanafunzi..."

"Wanafunzi wote wenye ulemavu wasamehewe?"

"Tunaomba," nikasema.

Alinidakia mara nne, na mara zote nne nilirudi kwenye neno la kwanza. Mteja aliyekuja kutoa kopi akaketi kutazama. Jasho lilinitoka, shingo ikaniuma, na nilijua uso wangu ulikuwa unafanya yale ambayo mama hawezi kuyatazama. Mara ya tano karani alifungua mdomo, akanitazama, akaufunga.

Nikamaliza. Akaandika, kisha akanisomea bila kuulizwa: "Tunaomba kwenye mtihani wa mazungumzo wanafunzi wenye shida ya kuongea waongezewe dakika ishirini. Hatuombi kusamehewe."

"Ndivyo," nikasema.

"Nitaiweka kama masahihisho, Mkuu ataamua mwenyewe. Mimi siahidi kitu." Akafuta paji la uso. "Sasa, 'tunaomba' ni nani na nani? Lazima niandike watu. Kikaoni tulikusikia wewe tu."

Jina la Gundi lilikuwa tayari mdomoni. Nikalimeza. Nikaenda mlangoni.

"Gundi," nikasema. "Siku ile uliinua mkono, nikakukata. Ulikuwa unasema nini?"

Alinitazama. Kisha akaweka kiatu chini, akajifuta mikono kwenye aproni, akaingia ndani akasimama mbele ya karani.

"Mimi na... na... naona mwenyekiti a... a..."

Karani akanigeukia, akiomba nimsaidie. Yule mteja akakohoa. Nilijua Gundi anachotaka kusema, nilikuwa na hakika kabisa: mwenyekiti aongee, yeye hawezi, asisumbuliwe. Maneno yalikuwa yananiwasha ulimi. Nikakaza macho kwenye fotokopi, nikauma meno. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Shangazi naye alikuwa ameacha kuvuta karatasi yake.

"...a... a... asiongee peke yake," akasema Gundi. "Na mimi ni... niende."

Nikahisi uso wangu unaungua. Siku mbili nzima nilikuwa nimetembea na hasira ya watu walionikata, na sentensi hii ilikuwa inaningoja barazani kwetu.

"Hilo nalo niandike?" karani akauliza, na safari hii alimwuliza Gundi.

Gundi akaanza kujibu. Nikavuta kiti, nikakaa, nikangoja.