Treni ya Kwanza Kuingia Kihesa

Baba yangu alisimamia stesheni ndogo za TAZARA kwa miaka thelathini na moja, halafu tukampeleka kuishi Iringa, mji usio na reli hata nusu mita. Ni kosa letu, mimi na dada yangu Tusekile, nakiri. Lakini alikuwa amevunjika nyonga, Tusekile ana nyumba mtaa wa Kihesa mjini humo, na mimi Mbeya nina chumba kimoja na baiskeli tatu. Nani mwingine angemchukua?

Nyonga ilipasuliwa ikapona. Kilichobaki ni mguu. Mtaalamu wa mazoezi alimwambia Tusekile waziwazi kwamba mzee asipokanyaga pedali nusu saa kila siku, mguu utakakamaa, na mwaka hautaisha kabla hajashindwa kunyanyuka kitini. Basi ikanunuliwa baiskeli, ikafungwa kwenye stendi ya chuma, gurudumu la nyuma likining'inia hewani, ikawekwa barazani. Baba aliitazama mara moja tu.

"Sipandi chombo kisichofika mahali," alisema, akatundika koti lake kwenye usukani.

Koti lilikaa pale miezi minane. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, mnivumilie. Nilimpigia simu nikafoka, nikabembeleza, nikalia, nikafoka tena. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu zote, kisha akaniuliza kama treni ya asubuhi imepita kwa wakati. Nilikata simu nikaenda kuendesha baiskeli hadi Uyole na kurudi, nikiongea peke yangu njia nzima. Ni katika kuongea huko peke yangu wazimu wangu mtamu ulinijia.

Mimi na baba tuna mchezo wetu tangu nikiwa mtoto. Tunatengeneza treni ndogo. Zamani zilikuwa makopo tu yaliyofungwa kamba, lakini tumeendelea. Alipofika Kihesa alitandika reli juu ya meza kubwa ya barazani, duara zima la mita mbili kutoka huku hadi huku. Mataruma, vile vipande vinavyolala chini ya reli, alichonga kwa mianzi, ileile ambayo wenyeji wanaigema kupata ulanzi, pombe yao. Reli zenyewe ni spoki za baiskeli, maana katika klabu yetu ya baiskeli spoki iliyotolewa haitupwi, naikusanya na kumtumia kwa basi. Alikuwa na daraja, alikuwa na stesheni yenye kibao kilichoandikwa KIHESA kwa rangi nyeupe, alikuwa na kila kitu isipokuwa treni. Treni ilikuwa kazi yangu.

Baba aliamini nitamletea treni ya betri. Sikumwambia kwamba kichwa cha treni nilichokuwa nakitengeneza kwa kopo la samaki na mota ya redio kaseti hakikuwa na nafasi ya betri hata moja. Umeme wake ungetoka kwenye reli. Umeme wa reli ungetoka kwenye dainamo. Na dainamo ningeifunga kwenye gurudumu la nyuma la baiskeli ileile yenye koti. Asiyekanyaga pedali hana treni. Nilipomweleza Tusekile alicheka hadi simu ikamdondoka.

Nilihitaji kipimo kimoja tu, upana wa reli. Tusekile angeweza kunitumia picha, lakini baba alikataa, akasema reli haijengwi kwa picha. Akanipa maelekezo mwenyewe kwa simu. "Chukua kiberiti kizima, boksi lake. Kilaze kati ya reli mbili, kiguse huku na huku. Basi."

Nikachukua kiberiti, nikakilaza, nikajenga. Kichwa kimoja na mabehewa matatu ya kijani, yenye madirisha. Niliyajaribu juu ya kipande cha reli chumbani kwangu yakateleza vizuri mno hata nikayabusu.

Klabu yetu inaitwa Pandisha Shuka. Tuko kumi na mmoja, na mara moja kwa mwaka tunatoka Mbeya hadi Iringa kwa siku mbili. Nahodha ni Magesa, jitu la miraba minne ambaye ukoo wake ulihamia Usangu na ng'ombe kabla hajazaliwa, na ambaye baiskeli yake haiguswi na mtu. Ukitaka kuipangusa vumbi unaomba ruhusa. Sisi tukipanga mstari mmoja, gurudumu kwa gurudumu, wa mbele akikata upepo na wengine wakijificha nyuma yake, tunaita treni. Kwa hiyo ijumaa ile treni ilitoka Mbeya ikiwa na treni nyingine mgongoni mwangu, imeviringishwa kwa khanga mbili, na mimi nilikuwa nacheka peke yangu kwenye kila mteremko.

Tulilala Nyololo, mji mdogo njiani. Asubuhi, tukiwa kwenye chai na maandazi, Tusekile akapiga simu kwa sauti ya kunong'ona. Baba alikuwa amepeleka tangazo kanisani. Lilisomwa jumapili iliyopita, neno kwa neno kama alivyoliandika: treni ya kwanza kuingia Iringa itafika Kihesa jumamosi, saa tisa alasiri, nyumbani kwa mzee Yotamu, yaani baba mwenyewe, wote mnakaribishwa. Tusekile alikuwa na hakika watu watakuja kumcheka. Mfanyabiashara mmoja wa vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni, Saulo, alikwisha kuuliza nauli ya gunia.

Chai ilinipalia. Treni ikigoma mbele ya Kihesa nzima, baba atajifungia ndani, na mguu ule hautagusa pedali kamwe. Niliwaambia wenzangu tuondoke. Magesa aliniuliza tunakimbilia nini, nikamjibu kwamba tuna tangazo la kanisani nyuma yetu, na jamaa wakakanyaga kama wanaofukuzwa na nyuki. Mwinuko wa Ipogolo, ambao kila mwaka unanifanya niwalaani waliojenga mji juu ya mlima, niliupanda nikiimba.

Tulifika tukiwa mstari mmoja, Magesa mbele akipuliza filimbi. Uani palijaa watu. Baba alikuwa mlangoni, fimbo mkono mmoja, bendera ya kijani mkono mwingine, amevaa kofia yake ya kazi na shati lililopigwa pasi likasimama lenyewe. Nilimpa shikamoo huku nikihema. Aliangalia saa, akaitikia marahaba, akatutangazia kwamba tumechelewa dakika tisa. Sijawahi kumpenda binadamu kiasi kile.

Nilifungua khanga. Watu walisogea. Nilishusha kichwa cha treni juu ya reli polepole, na kikapitiliza. Kilitua katikati ya reli kama kikombe kwenye beseni, hakikugusa huku wala huku.

Nilijaribu behewa, lilikuwa hivyohivyo. Mtu mmoja alicheka, kisha wengine. Saulo alisema kwa sauti ya upole kabisa kwamba vitunguu vyake acha viendelee kupanda lori. Baba alianza kuikunja bendera, kona kwa kona, na kule kuikunja taratibu ndiko kulikoniuma.

"Ulitumia kiberiti?" aliniuliza.

Nikamwambia nilitumia kiberiti. Akatoa cha kwake mfukoni, akakilaza kikikata reli, ncha huku na ncha huku. Urefu wa kiberiti. Mimi nikakichukua palepale, nikakilaza kikifuata reli, ubavu huku na ubavu huku. Upana wa kiberiti. Miezi minane tumejenga reli moja kwa boksi moja na neno moja, yeye akilaza hivi na mimi nikilaza vile. Kicheko kilinipanda kutoka tumboni, nikakizuia, kikatokea puani. Baba alinitazama kwa ukali. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika naye, na tukacheka pale mbele za watu hadi machozi yakatutoka na Tusekile akaja kumshikia fimbo.

Alipomaliza kujifuta alikuwa mtu mwingine. Alikuwa mtu wa kazini. Alisema kwamba treni za vipimo viwili zikitaka kupita njia moja, wenye akili hawang'oi reli, wanaongeza ya tatu kwa ndani. Akazunguka meza akihesabu kwa kidole.

"Spoki ishirini na mbili," alisema. "Ninazo ngapi? Sina hata moja."

Tuko kumi na mmoja, na kila mtu alikuwa anagawanya kichwani. Nilimwangalia Magesa, Magesa akaiangalia baiskeli yake jinsi mtu anavyomwangalia mtoto anayepelekwa chanjo. Akaipindua chini juu. Akatoa ufunguo mdogo wa spoki kwenye mfuko wake, akachomoa mbili gurudumu la nyuma, akampa baba kwa mikono miwili.

Baada ya hapo hakuna aliyebaki amesimama. Ua mzima uligeuka gereji. Baiskeli kumi na moja miguu juu, wanakwaya wakishikilia magurudumu, watoto wakigombea nani apeleke spoki mezani, Saulo akizipinda juu ya goti lake zifuate duara, na baba akizipokea moja moja na kuzibandika kwa gundi, kiberiti mkononi, kimelala kwa ubavu sasa, akitukaripia wote sawasawa. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa, ile inayokufanya umkumbatie mtu usiyemjua. Nilimkumbatia mzee wa kanisa.

Gundi ilipokauka niliunganisha waya na kuifunga dainamo kwenye gurudumu. Kisha nikamwomba baba atoe koti lake.

Aliangalia dainamo. Akafuata waya kwa macho hadi kwenye reli. Akarudi kwangu.

"Betri iko wapi?"

"Hakuna betri, baba."

Mara hii hakucheka. Nilijua amenielewa mpaka ndani, na nilijua hasira zangu nimezirithi wapi. Magesa, Mungu ambariki, akajitolea kupanda. Nikamkanyaga mguu. Baba aliwatazama watu uani, akatazama treni imesimama stesheni ya KIHESA bila kwenda popote, akatazama spoki ishirini na mbili za watu waliotoka Mbeya kwa nguvu za miguu yao. Akatoa koti. Akamkabidhi Saulo bendera, akamfundisha jinsi ya kuishika.

Tulimpandisha watatu. Mzunguko wa kwanza alifumba macho na nikasikia meno yakisagana. Kichwa cha treni kikashtuka, kikasimama. Mzunguko wa pili kikasogea upana wa kidole. Wa tatu, wa nne, mota ikaanza kulia, mabehewa yakavutana, na treni ikatoka stesheni ya Kihesa, ikavuka daraja, ikapinda kona yote ikipita juu ya spoki ya Magesa. Kelele zilizopigwa pale majirani wa mbali walidhani ni harusi. Saulo alipunga bendera hadi mwisho, hata pasipohitajika. Nilimwambia baba anaweza kupumzika, akaniuliza nimewahi kuona wapi treni ikipumzika katikati ya mbuga.

Sisi tulirudi Mbeya kwa basi, baiskeli juu, magurudumu yakipepesuka kama walevi. Magesa hajaruhusu lake lirekebishwe. Anasema linamkumbusha.

Wiki sita baadaye nilipiga simu Kihesa jioni. Baba huwa anapokea mwenyewe, lakini safari hii alipokea Tusekile, na nyuma yake nilisikia mota ikilia. Nilimwomba anipe baba.

"Hayupo," alisema dada yangu. "Amesafiri. Anasema yuko karibu na Nyololo, atakupigia akifika."