Mashine ya Kila Siku

Jumanne moja, kwenye saa nne asubuhi, Mshonaji alirudi kutoka kliniki akiwa na karatasi mkononi, akamkuta mumewe palepale alipomwacha: kwenye kiti cha mbao katika chumba cha nyuma, akisugua miguu ya plagi kwa kipande cha msasa. Mtaa mzima ulimwita mume huyo Bwana Plagi. Alikuwa fundi umeme aliyestaafu, mtu mpole asiyegombana hata na inzi, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akikusanya mashine kuukuu za kufyonza vumbi. Alikuwa nazo kumi na nne. Hazikufyonza kitu. Kila Jumamosi zilifutwa vumbi kwa kitambaa laini, zikarudishwa kwenye rafu.

Chumba hicho cha nyuma ndicho kilichokuwa na madirisha makubwa mawili, na kilijengwa kiwe cha kushonea. Mashine ya kwanza iliwekwa humo kwa siku mbili tu, kusubiri rafu. Sasa Mshonaji alishonea koridoni, kati ya mlango wa choo na kabati la viatu, chini ya balbu iliyowaka mchana kutwa.

"Daktari amesema mambo mawili," alisema akiwa amesimama mlangoni. "La kwanza, nisishike tena ufagio. Vumbi la vitambaa limenikaa kifuani. La pili, cherehani itoke koridoni, ikae kwenye chumba chenye dirisha. Hilo la pili ndilo kubwa, Baba. Amelirudia mara mbili."

Bwana Plagi alikuwa anapuliza unga wa msasa. Neno ufagio lilimfikia, na neno vumbi likamwingia vizuri kabisa. Yaliyobaki yalishuka taratibu mpaka sakafuni, yakatua karibu na mguu wa kiti, yakatulia.

"Daktari ana akili," alisema. "Nyumba ina mashine kumi na nne halafu watu wanafagia kwa ufagio! Ni aibu. Nitakuchagulia moja ya kila siku, Mama, na nitakuchagulia iliyo bora."

Mshonaji alimtazama kidogo, akaenda kukunja kanga yake ya kutokea.

Kuchagua kulichukua wiki tatu. Asiyejua mambo haya anaweza kusema mashine ni mashine, chomeka uwashe. Thubutu. Mashine ya kutazamwa ina mambo yake na mashine ya kazi ina yake, na anayechanganya hayo mawili huishia kulia. Bwana Plagi alifungua daftari, akachora mistari, akaandika uzito, urefu wa waya, kelele, na kama mifuko yake bado inaweza kushonwa. Kisha akamwaga sakafuni kijiko cha majivu, vipande vya nyuzi na vifungo vitatu, akazijaribu mashine moja baada ya nyingine.

Ile ndefu ya kusimama, aliyoiita Askari, ilikuwa na nguvu kupita kiasi. Ilifyonza majivu, nyuzi, vifungo, na maua yote yaliyochorwa kwenye zulia la plastiki la sebuleni. Zulia likabaki jeupe. Aliandika daftarini: ya kutumia kwa uangalifu. Ile ya rangi ya fedha ilisafisha vizuri ila ilikataa katakata kupita mahali ambapo mtu alikuwa amelia, na koridoni haikusogea hata hatua moja. Alidhani ni gurudumu, akalitia mafuta. Ile nyeupe ya mviringo, Sufuria, kila ilipowashwa saa ya ukutani ilirudi nyuma robo saa, na siku hiyo chakula cha mchana kililiwa jioni. Hakuna aliyelalamika, maana njaa nayo ilikuwa imechelewa.

Mwishowe alichagua ya kijivu, ndogo, yenye mfuko wa kitambaa mgongoni na mpira mrefu uliojikunja. Ilinguruma chini chini, kwa raha, ndiyo maana iliitwa Paka. Ilikuwa nyepesi kiasi kwamba mwenye kifua kibovu angeweza kuivuta kwa mkono mmoja.

Yeye mwenyewe alimkabidhi mkewe, waya ukiwa umekunjwa vizuri. Alifurahi kweli, na Mshonaji naye akafurahi, kwa sababu zawadi ni zawadi na ufagio ulikuwa unamuua. "Ahsante, Baba," alisema. "Na lile la pili je?" Bwana Plagi alikuwa ameinama anamwonyesha swichi. Lile la pili likaanguka nyuma ya swichi.

Tangu siku hiyo Mshonaji alipitisha Paka kila asubuhi kabla ya kukaa kwenye cherehani. Koridoni, sebuleni, chumba cha nyuma chini ya rafu, na hasa kuzunguka kiti cha mumewe, ambako mashine iliongeza mngurumo na mpira ukawa mzito mkononi. Baada ya siku nne mfuko ulijaa pomoni, na nyumba yenyewe ilikuwa ndogo.

Mkusanyaji wa kweli hamwagi mfuko kabla ya kuupekua, kwa kuwa mfukoni ndimo mashine inamoeleza kazi yake. Bwana Plagi alitandika gazeti juu ya meza akaukung'uta. Vikatoka vipande vya nyuzi, pini sita, kifungo cha shati lake mwenyewe, na katikati ya vumbi, yamejiviringa kama pamba, maneno ya mkewe. Alichukua moja akalisogeza sikioni.

"Ukimaliza hiyo, tuongee kuhusu chumba."

"Ndiyo maana ilikuwa inakaribia kuziba," alisema Bwana Plagi, akavaa miwani.

Yalikuwa mamia. Ya juu yalikuwa ya juzi, ya chini yalikuwa ya zamani, yamekauka, na ilibidi kuyashika kwa kibano. Baba, cherehani nitaiweka wapi? Baba, hapa koridoni sioni tundu la sindano. Siku mbili zimeshapita, Baba. Leo bi harusi amekaa kwenye kabati la viatu nikimpima. Nimekohoa usiku kucha, ulisikia? Naomba angalau dirisha moja. La kliniki lilikuwepo, zima, pamoja na kule kurudia mara mbili kwa daktari.

Bwana Plagi aliyasikiliza tangu asubuhi mpaka jua lilipohamia dirisha la pili. Huruma ilimshika mpaka akaacha chai ikapoa. Alikuwa amesahau kwamba mkewe aliwahi kuwa na sauti ile, nyororo, yenye kicheko kilichojificha mwishoni mwa maneno. Alimpenda upya, pale pale mezani, machozi yakamlengalenga. Kisha akatoa daftari akachora mistari.

Ijumaa alikuja dada yake, ambaye Mshonaji alimwita Wifi, na sisi tumwite hivyo hivyo. Wifi alikuwa na ulimi mwepesi na magoti mazito. Akaketi, akapewa neno la mwaka wa pili kwa kibano, akalisikiliza.

"Kaka," alisema, "mwenzio anaomba chumba."

"Nasikia. Lakini hebu sikiliza anavyolitamka. Na hili hapa, la mwezi uliofuata, amelivuta kidogo mwishoni."

"Anaomba chumba pia kwenye hilo."

"Karibu yote yanaomba chumba," alikubali Bwana Plagi. "Ndio uzuri wa mkusanyiko, unakuwa wa aina moja."

Wifi aliweka neno juu ya gazeti, akatazama koridoni, ambako cherehani ilikuwa inakwenda na kusimama, inakwenda na kusimama, kadiri kikohozi kilivyoruhusu. "Sikio la kufa halisikii dawa," alisema. "Na wewe lako si la kufa, ni zima. Ndicho kinachonichosha." Kisha akaomba chai nyingine, kwa sababu kaka ni kaka.

Maneno ya namna ile hayataki unyevu, wala hayataki giza. Bwana Plagi aliyajaribu kabatini yakaanza kunong'ona ovyo. Aliyajaribu jikoni yakashika harufu ya kitunguu. Yalitulia mahali pamoja tu, chumba cha nyuma, penye hewa na mwanga. Kati ya madirisha mawili palikuwa pamebaki nafasi ndogo mbele ya ukuta, hatua mbili kwa moja na nusu. Mshonaji alikuwa ameshaipima kwa tepu yake mara nyingi. Cherehani ingeenea, na kiti chake, na bi harusi mmoja akisimama wima.

Bwana Plagi alijenga hapo rafu nzuri. Alitumia mbao ngumu, akaipiga msasa siku tatu. Alipanga chupa za kioo zenye vifuniko, kila moja ina tarehe yake kwa mwandiko safi, na akamwita mkewe aje aone jinsi alivyotunzwa.

Mshonaji alikuja, tepu ikiwa shingoni, akiivuta Paka nyuma yake kwa sababu ilikuwa saa ya kufagia. Alitazama rafu kuanzia juu hadi chini. Alifungua chupa moja, akajisikia akiwa na miaka kumi na mmoja pungufu, akaifunga. Hakushangaa. Alikuwa anajua alichosema na alikuwa anajua kilikoangukia.

"Baba," alisema, akashika ubao wa rafu ili apumue kwanza. "Nitazame mimi, usitazame chupa. Naomba chumba hiki. Sina nafasi ya kuomba mara nyingi tena."

Safari hii Bwana Plagi alisikia kila neno. Aligeuka, akamtazama mkewe machoni kwa upendo mwingi, akapitisha kidole kwenye rafu, chupa hadi chupa, mpaka akafika safu ya tatu.

"Hiyo tunayo, Mama," alisema kwa upole. "Ya mwaka wa harusi ya binti yetu. Tena ile ni nzuri zaidi. Haina kikohozi."

Maneno yalikuwa yameshatua sakafuni, karibu na kiatu chake. Mshonaji aliyatazama. Aliinama taratibu, akachomeka waya ukutani, akawasha swichi kama alivyofundishwa, na Paka ikaanza kunguruma kwa raha. Akapitisha brashi chini ya rafu, kisha kuzunguka kiti.

Bwana Plagi aliinua miguu yote miwili ili apite vizuri.