Mashine Ilivyolazwa

Kwa mara ya tatu ndani ya wiki mbili, shemeji aliitua mashine ya boti yake kwenye meza yangu ya kazi.

"Imekunywa maji tena. Fundi gani wewe?"

Nilitamani kumzaba kofi. Jana mashine hiyo ilizima katikati ya maji, dada yangu akiwa ndani ya boti na mimba ya miezi tisa, ikabidi wapige kasia saa nzima. Hospitali iko ng'ambo na njia nyingine hakuna. Sasa dada alikuwa amekaa juu ya ndoo mlangoni, kajishika kiuno.

"Unatia petroli chafu," nikamwambia shemeji.

Nikamimina petroli yake kwenye chupa nikaiacha itulie. Chini hakukuwa na hata tone la maji. Nikafungua plagi, nikavuta kamba: maji yakaruka kwenye matundu ya plagi yakanilowesha shati. Nikafungua kichwa cha mashine. Gasketi ya kuzuia maji niliyoifunga kwa mikono yangu ilikuwa nzima, na hilo likanikera zaidi.

"Ukitoka majini unaifanyaje?"

"Naibeba nyumbani. Niiache iibiwe?"

"Nyumbani unaiwekaje?"

"Nailaza. Kichwa sakafuni, propela juu ya mto."

"Mto upi?"

"Wangu wa kulalia," dada akadakia. "Mimi nakunja nguo, naweka kichwa hapo."

Nikapandwa na mori. Nikapiga meza kwa spana.

"Maji yanayobaki mguuni, upande wa propela, yanateremka mpaka kwenye silinda! Mashine hulazwa kichwa juu! Kichaa gani kakufundisha hivyo?"

Dada ndiye aliyejibu, tena taratibu.

"Wewe. Siku ile propela ilipomeguka, ulitutukana hapa hapa mbele ya watu. Ukasema ikigusa sakafu tena tusikanyage kwako."

Nilikumbuka. Hata tusi lenyewe nililikumbuka. Hasira ilikuwa imenijaa mpaka kooni, na mtu wa kummwagia alikuwa mimi mwenyewe. Mdomo uliponza kichwa, lakini kichwa chenyewe kilikuwa cha dada.

Nikakausha silinda, nikatia oili, nikafunga. Mashine ikawaka kwa mvuto wa pili. Hakuna aliyenisifu, na ningemfukuza ambaye angethubutu.

Walipoinuka kuondoka, nikavua koti langu la kazi, nikalikunja na kumtupia shemeji.

"Kichwa cha mashine kilale juu ya hili," nikasema. "Mto mrudishie mkeo."