Mzimu wa Mzungu Uliosema Kibukusu

Phelista Nekesa alikuwa ameigiza jukwaani Bungoma kwa miaka mingi kabla ya kuitwa Kitale kwa sinema yake ya kwanza. Ilikuwa sinema ya kutisha, ikirekodiwa katika nyumba kuukuu ya mlowezi, katikati ya mashamba ya mahindi. Alipewa kuwa yaya. Yaya hakuwa na jina. Kimaiyo, mwigizaji kutoka Mlima Elgon, alikuwa bawabu, naye alinyongwa kabla hajatamka neno. Waliokuwa na majina, na wapenzi, na mambo ya kusema, ni vijana wanne waliotoka Nairobi.

Phelista aliyameza hayo. Kisha ikafika siku ya yaya kupagawa.

"Mzimu umekuingia," Gathii, mwongozaji, alimweleza. "Sasa ongea Kibukusu. Sema chochote, bora kiogopeshe."

"Huu mzimu ni wa nani?"

"Si ni wa yule mzungu alijenga nyumba."

"Na huyo mzungu alijifunza Kibukusu lini?"

Wapiga picha wakacheka. Gathii hakucheka. "Kiingereza hakiogopeshi mtu, bana. Hiyo lugha yenu ndiyo iko na ile kitu."

Damu ilimchemka. Kwa lugha hiyo mama yake alikuwa amemwombea usiku kucha alipougua malaria. Akavua aproni, akaitupa sakafuni.

"Kama kwenu mimi nafaa kuwa shetani tu, tafuteni mwingine."

Kimaiyo alimfuata hadi mlangoni. "Dada, utapoteza nafasi."

"Nafasi gani? Wewe umekufa hata hujasalimia mtu!"

Kimaiyo akainamisha kichwa. Akabaki.

Mwaka uliofuata sinema ililetwa na Gathii mwenyewe katika ukumbi mmoja wa Bungoma. Phelista alienda na shangazi yake Rispah. Yaya alikuwa mwanamke mwingine, na sauti ya mzimu haikuwa Kibukusu cha mtu yeyote. Ilikuwa miguno tu, na katikati yake neno moja likirudiwa kama laana: "Mayi! Mayi!"

Watu waliangua kicheko. Lakini nyuma yake Phelista alimsikia msichana mdogo akinong'ona kuhusu nyanya yake, "Mama, kukhu akikuja kwetu, mwambie asiongee hivyo."

Phelista hakujua amefikaje mbele. Alisimama mbele ya skrini, picha zikimpita usoni.

"Gathii! Waambie hawa watu mayi ni nani!"

Gathii alikuwa kwenye kiti cha mbele. "Madam, kaa chini. Ni sinema tu."

"Mayi ni mama! Umemfanya mama akuwe tusi!"

"Toka hapo, tunataka kuona!" mmoja alipiga kelele.

"Mwache aseme!" mwingine akajibu.

Walinzi wawili walimburuta nje. Shangazi Rispah alitoka nyuma yake, na wanawake kadhaa, na yule msichana na mama yake. Wengi walibaki vitini. Mlango ukafungwa, na miguno ikaendelea.

"Tulia sasa, mwanangu," Rispah alimwambia, akimfuta jasho kwa leso.

"Sitaki kutulia, shangazi," Phelista akasema. "Ngoja Gathii atoke."