Batri za Papa Nzabandora

Tegua kitendawili hiki kabla chai yako haijapoa. Iko nyumba moja: wageni wanaingia toka asubuhi, hata mumoja hatoki, mulango uko wazi, na ikifika saa tano nyumba inaanguka. Ni nyumba gani? Usiniambie kaburi. Kaburi halianguki.

Bénédicte alikuwa akichunga mashini ya parokia moja huko juu ya Kirotshe, ile wanayoita serveri. Ndani yake mulikuwa madaftari yote ya ubatizo, toka parokia za Masisi mupaka kule Walikale, kwa sababu watu walikimbia, wakarudi, wakakimbia tena, na karatasi zao zikabaki njiani. Mutoto akitaka kuandikishwa kwa mutihani wa serikali, sekretere wa parokia yake anafungua ordinatere, kompyuta yake, anaingia katika serveri, anatafuta jina, anatoa cheti. Umeme ulitoka kwa pano za jua na batri nane, na mulinzi wa batri alikuwa Papa Nzabandora, muzee wa Muheto, aliyezipangusa kila asubuhi kama mutu anayepangusa vikombe vya wageni.

Jumamosi moja, Padiri Valens akiwa safarini, Bénédicte akatoa programu ya zamani ya serveri, akatia mupya. Hakuomba ruhusa. Padiri alikuwa amemwambia angoje mitihani ipite. Lakini ile mupya ilikuwa nzuri, ya haraka, na yeye alitaka Jumatatu wote waseme, eh, Bénédicte.

Jumatatu, saa tano, serveri ikakufa. Akaiwasha, na jioni akaizima kama kila siku. Jumanne saa tano ikakufa tena. Jumatano vilevile, na wazazi wamejipanga mustari kwenye baraza.

"Ni batri," Padiri akasema. "Zimezeeka kama mwenye kuzilinda."

Watu wakacheka kidogo. Bénédicte hakucheka. Asubuhi ile alikuwa amesoma maneno ambayo mashini inajiandikia kabla ya kufa, na ilikuwa imeandika wazi: memwari imejaa. Memwari ni pale mashini inashikilia kazi ya saa ile, kama mikono ya mutu. Ikijaa, inaangusha vyote. Tena lilikuwako daftari la Nzabandora, ambamo muzee aliandika nguvu ya batri kila saa, kwa kalamu ya risasi. Jumatatu saa tano: zimejaa. Jumanne saa tano: zimejaa. Bénédicte akalichukua daftari lile, akalitia katika sakoshi yake. Alijiambia kwamba analichunga.

Alhamisi Padiri akamwambia Nzabandora arudi kwao. Batri mupya zinakuja, na mulinzi mwingine. Muzee akafunga blanketi lake kwa kamba, akalitia begani, kisha akamugeukia Bénédicte mbele ya watu wote.

"Mutoto wangu, weye njo ulisomea mambo ya mashini. Niambie: ni batri zangu njo zinaiua?"

Bénédicte akainama, akaanza kufungua waya ambayo haikuwa na shida yoyote. Halafu muzee akaenda.

Ijumaa Bénédicte aliketi mbele ya mashini toka saa mbili, hata chai hakunywa. Akaipa programu memwari zaidi. Ikakufa saa saba badala ya saa tano. Basi kumbe kuna kitu kinajaza bila kuchoka, na ukikiongezea nafasi kinakushukuru na kuendelea kujaza. Akaiwasha tena, akaiuliza ni nani wako ndani. Masekretere wote ni kumi na wawili. Mashini ikamujibu kwamba ndani wako watu mia moja na ushee, na hata saa moja haijapita. Cindy peke yake, sekretere wa upande wa Walikale, alikuwamo mara ishirini na moja. Bénédicte akamupigia simu.

"Dada Cindy, toka nimeiwasha umeingia mara ngapi?"

"Unaniuliza miye? Rezo ya huku, huu mutandao, iko kama mbuzi, inakuja ikitaka. Inakatika, naingia. Inakatika, naingia."

"Na kutoka?"

"Kutoka nifanye nini? Si weye njo ulitufundisha? Musibonyeze pale pa kutoka, kuingia tena kutawachosha, fungeni tu ordinatere muende. Siye tuko wanafunzi wazuri."

Nyumba ya kitendawili njo hiyo. Programu ya zamani ilikuwa na desturi yake: mutu akinyamaza nusu saa, inamutoa polepole bila kelele. Ile mupya ilingoja iambiwe, na hakuna aliyeiambia. Kila aliyeingia alibaki ndani na madaftari yake mikononi; akija tena anakuwa wawili, anakuwa kumi, mupaka nyumba inalemewa.

Mustari mumoja wa maandishi, wa kuiambia iwatoe wanaonyamaza, ulitosha. Bénédicte akauandika Jumapili baada ya misa. Na Jumatatu asubuhi, mbele ya wote, batri mupya zikafika na kufungwa.

Saa tano ikapita. Saa saba ikapita. Jioni serveri ingali nzima. Padiri akazipiga zile batri kofi, kama mutu anayenunua ng'ombe.

"Munaona? Yule muzee alikuwa anatuulia kazi."

Masekretere nao wakaandikiana katika simu, toka Masisi mupaka Walikale, kwamba sasa kazi inaenda, kumbe muzee alikuwa amelala juu ya batri. Kila saa mashini iliyokaa nzima ilimushitaki Nzabandora upya, na aliyeiponya ni Bénédicte kwa mikono yake mwenyewe. Siku mbili alirudisha sahani ya foufou ikiwa nzima. Alipoulizwa, alisema ni malaria.

Jumatano akaingia kwa Padiri, akaweka daftari juu ya meza, akasema yote. Padiri akasoma kurasa mbili, tatu, akavua miwani.

"Nilimufukuza mutu bila kufungua hili daftari," akasema.

"Lilikuwa kwangu, Padiri."

"Hata kabla yako lilikuwako." Akalifunga. "Jumapili nitasema mbele ya watu. Kazi yake iko, Jumatatu arudi. Lakini lile swali hakuniuliza miye. Alikuuliza weye, na si la kujibu kwa simu."

Pikipiki, ile tunaita moto, ikamupandisha Bénédicte mupaka Muheto. Nzabandora alikuwa shambani akichimbua viazi, na mukewe, Nyirabagenzi, akivitia katika gunia. Bénédicte akaanza na lile lililo jepesi: Padiri anaomba urudi kazini Jumatatu.

"Ashukuriwe Mungu," Nyirabagenzi akasema. "Kichwa chake kilibaki kule. Ananihesabia kuku kwa volti."

Muzee akacheka, akajipangusa udongo. Akauliza batri mupya ni za maji ao ni za kavu. Akasema huku shambani alifikiri sana, akaona labda ni kweli alizikosea, labda macho yake hayasomi vizuri tena; amushukurie Padiri kwa kumusamehe. Lile swali lake hakulirudia. Nyirabagenzi alikuwa anachagua viazi vikubwa vya kumupa mugeni, na mawingu yalikuwa yanashuka juu ya mulima. Bénédicte angeweza kuvipokea, kuaga, na kupanda moto kabla ya mvua.

Alibaki amesimama kati ya matuta.

"Papa," akasema, "hazikuwa batri zako. Ni miye nilibadilisha programu. Na siku ile uliniuliza, nilikuwa najua."